Leseni za Remote Desktop: ofisi ndogo ihesabu watu au mashine?

Seva mpya ya Windows ikishawekewa huduma ya Remote Desktop, hufanya kazi siku 120 bila kudai leseni za watumiaji. Wafanyakazi wanaingia, wanafungua programu ya uhasibu, wanachapisha ankara, na hakuna anayekumbuka kwamba kuna kitu hakijanunuliwa. Ofisi ya Nairobi iliyofunga seva yake tarehe 2 Machi inamaliza siku hizo tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha KRA ritani za kodi ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kuanzia hapo, kila anayejaribu kuingia anaambiwa hakuna seva ya leseni ya kumhudumia, na dirisha linafungwa. Data iko salama, seva inawaka, intaneti ipo, lakini kazi imesimama.

Siku kama hiyo ndiyo maamuzi mabaya hufanyika. Meneja anapiga simu, fundi anasikia presha katika sauti yake, na kabla jua halijatua ama umenunuliwa ufunguo wa bei ya kutupa kutoka tovuti isiyojulikana, ama imefutwa kumbukumbu ya siku 120 ndani ya rejista ya Windows ili hesabu ianze upya. Njia zote mbili zinaiacha ofisi pabaya kuliko pale ilipoanzia. Inasikitisha, kwa sababu suala lenyewe halihitaji utaalamu mkubwa. Linahitaji orodha ya watu, orodha ya mashine, na mtu wa kukaa na orodha hizo kabla ya kuomba proforma.

Ofisi nyingi za Afrika Mashariki hufika kwenye Remote Desktop kwa sababu ya uhasibu. Makao makuu yako Dar es Salaam, tawi liko Arusha, na kampuni inatumia Tally, QuickBooks au Sage Pastel ya kusimika kwenye kompyuta. Mhasibu wa Arusha akijaribu kufungua faili la data moja kwa moja kupitia intaneti, programu inajikokota, na mtandao ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Kwa Remote Desktop, programu na data vyote hubaki kwenye seva ya Dar. Kinachosafiri ni picha ya skrini kwenda Arusha, na mibonyezo ya kibodi na kipanya kurudi Dar. Mtandao ukikatika, mhasibu akirudi hewani anaikuta kazi yake pale pale alipoiachia. Faida nyingine ni kwamba kompyuta ya tawini haihitaji kuwa na nguvu, kwa hiyo mashine ya zamani inaweza kuendelea kutumika miaka kadhaa zaidi.

Teknolojia hii ina umri. Mwaka 1995 kampuni ya Citrix ilitoa WinFrame, iliyowezesha watu wengi kutumia Windows NT moja kwa wakati mmoja. Microsoft ikanunua haki ya kutumia sehemu ya teknolojia hiyo, na mwaka 1998 ikatoa toleo lake la Windows NT 4.0 kwa kazi hiyo. Zama zile mtu alikuwa na kompyuta moja mezani, hivyo kuhesabu mashine kulitosha. Leseni za kuhesabu watu zilikuja na Windows Server 2003, wakati kompyuta za mkononi zilikuwa zimeshaanza kuzagaa. Mwaka 2009, katika Windows Server 2008 R2, huduma ikabadilishwa jina kutoka Terminal Services na kuwa Remote Desktop Services, au RDS kwa kifupi. Njia hizo mbili za kuhesabu ndizo zinazotawala hadi leo.

Kabla ya kuchagua kati yake, mnunuzi ajue kwamba analipia tabaka tatu. La kwanza ni leseni ya Windows Server yenyewe, ambayo tangu toleo la 2016 huhesabiwa kwa viini vya prosesa. Hata kama seva ina viini 8 tu, kima cha chini cha kununua ni viini 16. Bei iliyotangazwa na Microsoft kwa toleo la 2025 la Standard ni dola 1,176 kwa viini hivyo 16. La pili ni CAL, yaani leseni ya kila mtu au kila mashine inayoitumia seva kwa jambo lolote, liwe ni kufungua faili au kuchapisha. La tatu ni RDS CAL, inayompa mtu au mashine haki ya kuingia na kutumia skrini ya seva kwa mbali. Hii ya tatu haifuti ile ya pili. Zinahitajika zote mbili, na RDS CAL moja huuzwa kwa bei inayoizidi CAL ya kawaida mara kadhaa.

Hapa ndipo proforma nyingi zinapopotosha. Muuzaji mmoja anaandika "Windows Server na watumiaji 10" akimaanisha CAL za kawaida, mwingine anaandika maneno yale yale akimaanisha RDS CAL, na meneja anachagua iliyo nafuu akidhani analinganisha kitu kimoja. Ofisi inapaswa kudai mistari mitatu iliyotengana, kila mmoja na idadi yake na toleo lake. Muuzaji asiyeweza kuitenganisha hajaelewa anachouza.

Dhana inayogharimu zaidi ni ile ya kuhesabu walio ndani kwa wakati mmoja. Ofisi ina wafanyakazi 14, lakini hawazidi 6 wanaoingia kwa pamoja, basi zinanunuliwa leseni 6. Leseni hizi si viti vya daladala, kwamba abiria akishuka mwingine anakaa. Kila leseni hukabidhiwa mtu fulani au mashine fulani, na kwa kawaida haihamishwi kwa mwingine kabla ya siku 90 kupita, isipokuwa mtu ameondoka kazini moja kwa moja, mashine imekufa, au mtu wa muda anashika nafasi ya aliye likizo. Programu nyingine za biashara huuzwa kwa idadi ya walio hewani, ndiyo maana dhana hii imeenea. RDS haina mpango huo.

Swali basi ni nani au nini kinachohesabiwa, na jibu liko katika namna ofisi inavyofanya kazi. Tuchukue kampuni ya ukaguzi wa hesabu yenye watu 9. Kila mmoja ana kompyuta mpakato ya kazini, baadhi wana kompyuta nyingine nyumbani, na wakurugenzi wawili huingia pia kwa tableti wakiwa kwa wateja. Mashine zinaweza kufika 17 au 20, lakini watu ni 9. Leseni 9 za kuhesabu watu zinatosha, na kila mtu anaingia kwa kifaa chochote atakacho. Mwakani mkurugenzi akinunua simu mpya, hakuna kinachobadilika.

Sasa tuchukue zahanati yenye mapokezi, maabara na dirisha la dawa. Mashine ni 4 tu, na zinatumiwa na wahudumu 15 wanaopokezana kwa zamu asubuhi, jioni na usiku. Ikihesabu watu, zahanati italipia 15. Ikihesabu mashine, italipia 4. Tofauti ni kubwa, na kwa zahanati ndogo fedha hiyo ni mashine nyingine ya maabara. Lakini daktari mkuu akitaka kuangalia ripoti kutoka nyumbani kwa kompyuta yake na kwa simu, kila kifaa chake nacho kinahitaji leseni, kwa hiyo idadi inapanda hadi 6. Bado ni nafuu kuliko 15. Kama madaktari wengi wataanza kuingia kwa vifaa vyao vyote, hesabu inaweza kugeuka.

Kisheria leseni za aina zote mbili zinaweza kukaa katika seva moja ya leseni. Kiufundi, hata hivyo, seva inayopokea watumiaji huwekwa katika hali moja tu, ya watu au ya mashine. Zahanati inayotaka kuchanganya inahitaji seva mbili za kupokea watumiaji, zikiwa mashine pepe (virtual machines) ndani ya kompyuta moja, na mara nyingi usumbufu huo haulipi. Ni afadhali kuchagua hali moja na kuvumilia leseni mbili tatu za ziada.

Aina hizi mbili zinatofautiana pia katika ukali wa mfumo. Za mashine husimamiwa kwa nguvu. Kompyuta ikiingia mara ya kwanza hupewa leseni ya muda ya siku 90, na ikirudi hupewa ya kudumu kama ipo akibani. Hiyo "ya kudumu" nayo hukaa kati ya siku 52 na 89 kisha hujihuisha yenyewe, kusudi leseni ya mashine iliyotupwa irudi akibani baada ya muda. Zikiisha, mashine inayofuata hubaki na ile ya muda tu, na siku 90 zikipita haiingii. Msimamizi anaweza kunyang'anya leseni mapema, lakini asizidi asilimia 20 ya zile za toleo husika. Za watu, kwa upande wake, huandikwa kwenye Active Directory, yaani rejista ya akaunti za ofisi, bila kumzuia aliyezidi idadi. Ofisi yenye leseni 10 inaweza kuwaingiza watu 13 na mfumo ukanyamaza. Ukimya huo si ruhusa. Ripoti ya matumizi ipo, na mkaguzi wa leseni akija ndiyo atakayoiomba kwanza.

Sharti linalosahaulika kuliko yote, na ambalo lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya kila proforma, ni la domeni. Domeni ni mpangilio ambamo akaunti zote za ofisi zinatunzwa mahali pamoja, kwenye Active Directory. Ofisi ndogo nyingi hazina: kila kompyuta inajitegemea na akaunti zake, na seva inafungwa hivyo hivyo. Leseni za watu hazifanyi kazi katika mazingira hayo, kwa sababu mfumo hauna rejista ya kumwandika mtu. Katika Windows Server 2019 na matoleo yaliyofuata, seva isiyo kwenye domeni ikiwekwa katika hali ya watu humwonyesha mtumiaji onyo kwamba kuna tatizo la leseni na kwamba atatolewa baada ya dakika 60. Na kweli anatolewa. Anaingia tena, saa inaanza upya.

Fikiria mhasibu anayefunga hesabu za mwezi akitolewa kila saa. Ofisi imelipia leseni halali, risiti ipo kwenye faili, na bado huduma haitumiki. Fundi anaweza kuhangaika siku nzima akikagua intaneti na umeme, kumbe leseni za watu zimewekwa mahali ambapo zile za mashine tu ndizo zinazofanya kazi. Dawa ni moja kati ya mbili: kujenga domeni, au kutumia leseni za mashine.

Kujenga domeni hakuhitaji kompyuta ya pili. Leseni ya Standard inaruhusu mashine pepe mbili juu ya seva moja, mradi Windows iliyo chini yake itumike kuziendesha hizo tu. Ya kwanza inabeba Active Directory na seva ya leseni, ya pili inapokea watumiaji. Mpangilio huo unafaa hata kwa usalama, kwa kuwa si vyema wafanyakazi wa kawaida waingie kwenye mashine ile ile inayotunza nywila za ofisi nzima. Kwa ofisi ya watu kati ya 6 na 25 inayotegemea Remote Desktop kila siku, domeni pamoja na leseni za watu ndiyo njia yenye maumivu machache. Ofisi za zamu, kama zahanati, kaunta za maduka na maabara za kompyuta, ziangalie leseni za mashine.

Toleo nalo lina sheria yake. RDS CAL ya toleo jipya inafanya kazi kwenye seva ya zamani, lakini ya zamani haifanyi kazi kwenye seva mpya. Leseni za 2019 hazitamwingiza mtu kwenye seva ya 2022, ila za 2022 zitamwingiza kwenye ya 2019. Seva inayotunza leseni nayo lazima iwe ya toleo sawa na leseni hizo au jipya zaidi. Ofisi inayoombwa kununua leseni za 2016 kwa punguzo ikumbuke kwamba msaada wa Microsoft kwa Windows Server 2016 unakoma tarehe 12 Januari 2027, na wa 2019 unakoma tarehe 9 Januari 2029. Fedha iliyowekwa kwenye leseni za zamani inakufa pamoja na seva ile. Kama tofauti ya bei si kubwa, ni busara kuchukua leseni za toleo jipya hata kama seva bado ni ya zamani.

Kuhusu njia za mkato, chache zimeenea mno kiasi kwamba wengine huziona halali. Windows Server huruhusu watu wawili kuingia kwa mbali bila RDS CAL, lakini nafasi hizo ni za wasimamizi kufanya matengenezo. Kumpa mhasibu akaunti ya msimamizi ili atumie moja ya nafasi hizo ni kukiuka leseni, na pia ni kumkabidhi uwezo wa kufuta seva nzima kwa bahati mbaya. Windows 10 na 11 za Pro huruhusu mtu mmoja tu kwa wakati, na zile programu zinazobadilisha faili la mfumo ili waingie wengi zinavunja masharti, mbali na kwamba huharibika Windows inapojisasisha. Funguo za "RDS CAL 50" zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana zinaweza kukubalika na seva leo, lakini hazimpi mnunuzi karatasi yoyote ya kumtetea. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na Tanzania ina yake ya 1999, na zote zinalinda programu za kompyuta.

Zipo pia bidhaa za kampuni nyingine, kama TSplus na Thinstuff, zinazotoa huduma inayofanana kwa bei ndogo. Ni programu halisi zenye sifa zake. Hata hivyo masharti ya Microsoft yanadai RDS CAL kwa yeyote anayetumia skrini ya Windows Server kwa mbali, iwe kwa huduma yake au kwa teknolojia nyingine. Muuzaji anayesema bidhaa hizo zinaondoa haja ya leseni za Microsoft aombwe aandike hivyo kwa barua yenye muhuri.

Kisha kuna leseni za programu zinazokaa ndani ya seva. Office ya kununuliwa dukani kwa kompyuta moja haijaandaliwa kutumiwa na wengi kwenye RDS. Kati ya vifurushi vya Microsoft 365 vya biashara ndogo, Business Premium ndicho chenye ruhusa hiyo, na Business Standard hakina. TallyPrime Silver ni ya mtumiaji mmoja, wanaotaka kuingia wengi wanahitaji Gold. Bajeti iliyopangwa kwa RDS CAL peke yake mara nyingi huvunjikia hapa.

Usalama hauna mjadala mrefu. Seva isiachwe wazi kwenye intaneti kupitia mlango 3389. Mwaka 2019 udhaifu ulioitwa BlueKeep ulionyesha kwamba mshambuliaji angeweza kuiteka Windows ya zamani kupitia huduma hii bila hata kujua nywila. Watu wa nje ya ofisi wapite kwenye VPN au kwenye RD Gateway, ambayo imo ndani ya Windows Server.

Upande wa wingu, Microsoft inatoa Azure Virtual Desktop. Ofisi yenye Business Premium tayari ina haki ya kutumia Windows 10 au 11 ya watu wengi huko bila kununua RDS CAL, ingawa italipia mashine kwa muda inaowaka. Ofisi inayotaka kuhamishia Windows Server yake winguni inahitaji RDS CAL zenye Software Assurance, au zile za kulipia kwa usajili. Kituo cha Azure kilicho karibu zaidi na kwetu kiko Johannesburg. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ilidhoofika vibaya, na kazi zilizotegemea seva za mbali zikayumba. Seva iliyo ndani ya jengo ilipona siku hiyo kwa watumiaji waliokuwa jengo moja nayo. Lakini seva hiyo hiyo inahitaji UPS, kiyoyozi na mtu wa kuthibitisha nakala rudufu, na ofisi isiyo na mtu huyo itapata nafuu winguni hata kwa gharama ya juu zaidi ya mwezi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yenye masharti kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi, hivyo zahanati au mwajiri anayehamisha kumbukumbu za watu aisome kabla ya kusaini.

Ofisi ya watu watatu au wanne inayotaka tu kushirikiana kwenye hesabu huenda haihitaji lolote kati ya haya. ERPNext na Odoo hutumika kwenye kivinjari, na mtu wa tawini anaingia kama anavyoingia kwenye barua pepe. Programu ikiwa inaendeshwa kwenye Linux, huduma ya xrdp inatoa skrini ya mbali bila CAL hata moja. Kuhamisha data kutoka programu ya zamani ni kazi ya wiki kadhaa na inaudhi, lakini ni gharama ya mara moja.

Anayenunua RDS CAL ahakikishe anakabidhiwa namba za makubaliano au msimbo wa herufi na tarakimu 25, kutegemea njia ya ununuzi, kwa jina la ofisi na si kwa jina la fundi. Seva ya leseni ikifa na kusimikwa upya, namba hizo ndizo zinazohitajika kuziweka leseni tena, na inapobidi ndizo zitakazotajwa kwa Microsoft ili zifunguliwe upya. Zichapishwe, ziwekwe kwenye faili moja na mkataba wa pango na cheti cha usajili wa kampuni, na nakala yake ikae nje ya seva hiyo.